Muulize Anti: Nimepata fildi Ujerumani, huko watu wakoje?

Jamani mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinauliza jambo moja, vijana wanaopata nafasi ya kwenda fildi nje, na siku hizi wengi wanaitaja Ujerumani. Nimechagua nne, nimezipunguza urefu kidogo tu. Mimi kule nimeishi na nimefanya kazi, nilianza kama mwanafunzi wa fildi kwenye ofisi ya wahandisi wa maji kaskazini mwa nchi, kwahiyo nitakayosema hapa ni yale niliyoyaona.

*

*Shikamoo Anti. Mimi nasoma uhandisi wa usindikaji chakula mwaka wa tatu, niko Morogoro. Nimepata fildi miezi minne kwenye kiwanda cha maziwa kusini mwa Ujerumani, mji wenyewe mdogo mpaka kwenye ramani nimevuta weee ndo nikauona. Kijerumani nimesoma kozi ya miezi mitatu tu. Naogopa vitu vingi, ila kikubwa kuna kaka ameniambia wale watu hawacheki, hawaongei na ukikosea kidogo umekwisha. Nijiandae vipi? Na je watanilipa?*

Marahaba mwanangu, na hongera sana, nafasi ya kiwandani watu wanaitafuta miaka.

Tuanze na pesa manake ndo swali lenye jibu la moja kwa moja. Sheria ya kule inatenganisha fildi ya aina mbili. Kama fildi yako imo kwenye mtaala, yani bila kuifanya hupati digrii, kampuni hailazimiki kukulipa kima cha chini cha mshahara hata ukikaa hiyo miezi minne yote. Kama umeitafuta kwa hiari yako na inazidi miezi 3, hapo lazima wakulipe kima cha chini tangu siku ya kwanza, na kima chenyewe mwaka 2025 kilikuwa euro 12.82 kwa saa, kuanzia Januari 2026 ni euro 13.90. Kwahiyo soma vizuri barua uliyotumiwa na barua ambayo chuo kitakuandikia, zisipishane. Makampuni mengi hutoa posho hata pale ambapo sheria haiwabani, wewe waandikie sasa hivi uwaulize, ni shilingi ngapi kwa mwezi, nyumba ni juu ya nani, bima ya afya ni juu ya nani. Usione aibu kuuliza. Kule kumuuliza mwajiri habari za pesa kabla ya kuanza ni jambo la kawaida kabisa, wao ndo watashangaa usipouliza.

Kwa viza, fildi inayohusiana na masomo inatakiwa ipitishwe na idara yao ya ajira, na mwanafunzi anatakiwa awe ameshamaliza angalau mihula minne, wewe wa mwaka wa tatu upo salama hapo. Kampuni yenyewe inaweza kuomba hicho kibali, na ukiwa nacho mkononi ndo unakwenda ubalozini pale Umoja House Dar ukiwa na kichwa kilichotulia. Anza mapema mno, mapema kuliko unavyodhani.

Ukifika sasa. Ndani ya wiki 2 tangu uhamie kwenye chumba unatakiwa ukajiandikishe ofisi ya manispaa, wanaita Anmeldung, na unakwenda na karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba kweli unakaa pale. Bila hiyo huna namba ya kodi, benki wanakuzungusha, kila kitu kinasimama. Alafu kuna kijambo ambacho hakuna anayekwambia: jina lako liandikwe kwenye sanduku la barua mlangoni, na siku hiyohiyo uliyohamia, hata kwa karatasi na gundi. Kule kila kitu kinakuja kwa posta, kadi ya benki, namba ya siri ya kadi, namba ya kodi, kadi ya bima, na posta haitoi barua kwa sababu nyumba ni ile, inaangalia jina. Jina halipo, barua inarudi ilikotoka. Nimeona vijana wanasubiri kadi ya benki wiki nzima nzima wakidhani wamekataliwa na kumbe barua ilishakuja ikaondoka.

Itakuja pia barua inayodai euro 18 na senti 36 kwa mwezi, ada ya redio na televisheni ya umma. Sio utapeli, hata kama huna televisheni. Ila inalipwa kwa nyumba, sio kwa kichwa, kwahiyo kama mnakaa wanne na mmoja analipa, nyinyi wengine mnawajibu tu kwa kuwaandikia namba yake ya malipo ya hiyo ada.

Nyumbani wenzako watakuwa na mambo yao. Taka zinatengwa, karatasi kwake, plastiki kwake, mabaki ya chakula kwake, chupa za kioo unazipeleka kwenye mapipa ya mtaani na sio Jumapili manake zinapiga kelele. Chupa za plastiki za maji na soda usitupe, ukizirudisha dukani kwenye mashine, nyingi zinakupa senti 25 kila moja, ukijaza mfuko hiyo ni mboga ya siku mbili. Jumapili maduka yamefungwa, yote, wewe Jumamosi jioni kama huna unga basi huna, labda ukimbilie duka la stesheni. Usiku kuanzia saa nne kelele hazitakiwi. Na baridi ikianza utaona mwenzako anafungua madirisha yote wazi kabisa dakika tano hivi, nje kuna barafu, utadhani kachanganyikiwa, anatoa unyevu. Ukipika, ukioga, ukianika nguo ndani bila kufungua dirisha, ukutani unaota ukungu, na ule ukungu mwenye nyumba anakuja kukudai kwenye amana yako siku ya kuondoka.

Sasa hayo ya kutocheka. Sio kweli na ni kweli. Asubuhi ukiingia kazini unasalimia, kwa huko kusini watakusalimu Grüß Gott na wewe unajibu hivyohivyo, mara ya kwanza mnapeana mkono huku mnaangaliana usoni, na ndo basi, imeisha, kila mtu kwenye mashine yake. Hakuna za nyumbani, za watoto, za masomo, umeamkaje, baridi umeionaje. Kwetu mtu akikupita hivyo unajua kuna ugomvi. Kule hakuna kitu, amekusalimu. Muda wa maongezi ni mapumziko na chakula cha mchana, na hapo ndo utaona wanacheka sana tu, kwahiyo kosa kubwa unaloweza kufanya ni kwenda kula peke yako na simu yako kwa sababu Kijerumani hakijakaa sawa. Kaa nao. Sikiliza hata kama unaambulia robo. Mtu wa kiwandani kijijini atakuongelesha lahaja ambayo hata Mjerumani wa Hamburg inampita, kwahiyo usijilaumu, mwambie tu aongee polepole, ataongea.

Saa moja na nusu ni saa moja na nusu. Kama zamu inaanza muda huo, wewe muda huo umeshavaa koti na kofia umesimama kwenye mashine, sio unaingia getini. Umechelewa treni, piga simu kabla ya muda haujafika, sio baada. Ukiumwa hivyohivyo, simu asubuhi kabla ya kazi. Hapo sina cha kulainisha, hawana msamaha mwepesi kwenye hili.

Na kama birthday yako itaangukia kulekule, keki unaleta wewe. Usikae ukisubiri wenzako wakufanyie, mwenye siku ndiye anayewalisha ofisi nzima. Ukipika maandazi ya iliki ukayapeleka siku hiyo watu watakujua kiwanda kizima mpaka dereva wa lori la maziwa. Ila usimpongeze mtu birthday yake kabla ya siku yenyewe, wanasema ni mkosi.

*

*Anti habari. Niko Hamburg mwezi wa tatu sasa, nafanya fildi kampuni ya usafirishaji mizigo bandarini. Sijui nimekosea nini. Mwanzo msimamizi wangu alikuwa ananipa kazi, sasa hivi hanipi, nakaa tu nasoma mafaili ya zamani. Wiki iliyopita kwenye kikao mbele ya watu wote akasema ripoti yangu haiko sawa niirudie, hakunyanyua hata sauti, akaendelea na mambo mengine. Nilitoka nikaenda kulia chooni. Mimi namheshimu sana, sijawahi kumjibu vibaya wala kumsumbua kwa lolote. Nafikiria kurudi nyumbani.*

Pole mwanangu, na kulia umelia sawa, ugenini moyo unakuwa mwepesi. Ila soma tena sentensi yako mwenyewe, umesema hujawahi kumsumbua kwa lolote. Nadhani tatizo limeanzia hapo.

Sisi tumelelewa kwamba ukiwa mdogo na mgeni unakaa kimya, unaangalia wakubwa wanafanyaje, ukiulizwa umeelewa unasema ndiyo hata kama hujaelewa, manake kusema sijaelewa ni kama kumwambia mkubwa wako hajui kueleza. Ni adabu, na mimi wanangu nawalea hivyohivyo. Sasa yule msimamizi wako hakulelewa hivyo. Akikuuliza umeelewa na wewe ukasema ndiyo, kwake hiyo ni ahadi, umeelewa, anakwenda zake, anakusubiri Ijumaa na kazi. Ijumaa inafika kazi haipo au ipo lakini sio, na yeye haoni binti mwenye heshima, anaona mtu aliyesema anajua na kumbe hajui. Anajaribu tena wiki nyingine, inakuwa vilevile, alafu anaacha kukupa kazi, sio kwa chuki, anaona unateseka bora upumzike. Na wewe unaona amekuchukia, unazidi kunyamaza. Kila mmoja anamheshimu mwenzake kwa njia yake na mambo yanazidi kuharibika.

Kule anayeuliza anahesabiwa kuwa anafanya kazi. Sijui niliseme vipi liingie. Pale ofisini kwetu kulikuwa na mhandisi mkuu, mzee wa mvi, ameshachora mitambo ya maji ya miji mizima, Jumatatu moja ameweka mchoro mezani, kijana ambaye hata shule hajamaliza, anajifunza ufundi, akanyoosha kidole kwenye kona ya karatasi akamuuliza hii namba ya presha umeitoa wapi, mbona bomba la kipenyo hiki haiwezi. Mimi nilishika pumzi. Mzee akavaa miwani, akainama, akaangalia, akasema kweli, akaifuta kwa penseli palepale. Dakika kumi baadae wako wote wawili kwenye mashine ya kahawa wanaongelea mpira. Hakuna aliyekuwa amemvunjia mwenzake heshima, kilichosemwa kilikuwa bomba.

Kwahiyo ile ripoti yako ndo hivyo. Amesema karatasi haiko sawa. Hakusema wewe hauko sawa, na kuisema mbele ya watu kwao hakuna uzito ambao wewe umeubeba mpaka chooni, watu wote kwenye kikao kile wameshaisahau, wengine ripoti zao zilirudishwa mwezi uliopita. Kusifia pia hawasifii hovyo, akikaa kimya juu ya kazi yako maana yake iko vizuri.

Fanya hivi, na ufanye wiki hii. Muandikie msimamizi wako baruapepe fupi, umuombe nusu saa, umtajie na sababu, unataka kuongea kuhusu kazi zako. Usimvizie kwenye korido. Siku ya kikao nenda na daftari. Mwambie wazi kwamba ulikotoka mtu mdogo hamuulizi mkubwa maswali mengi, na ndo maana ulikuwa kimya, ila unataka kujifunza na unaomba akupe kazi tena. Muombe akuonyeshe sehemu gani ya ripoti haiko sawa, kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa. Kisha muombe muwe mnakaa mara moja kwa wiki hata dakika kumi na tano. Nakuhakikishia hatokasirika, wengi nimewaona wanashtuka kabisa kwamba hawakujua.

Kuanzia hapo kila akikupa kazi usiseme ndiyo, rudia kwa maneno yako, kwahiyo unataka nichukue kontena za mwezi wa tatu tu, nizipange kwa mteja, nikuletee Alhamisi, ni hivyo? Akisema hapana umepona kabla hujaumia. Ukikwama, jaribu kwanza mwenyewe, alafu nenda umwambie umefika wapi, umejaribu nini na umekwama wapi. Hiyo ya kusema umejaribu nini ni muhimu, hawapendi mtu anayekuja mikono mitupu. Na kama kazi haitaisha kwa siku mliyokubaliana, sema siku mbili kabla. Kusema mapema kwamba nitachelewa kunasameheka kule kuliko kimya.

Jingine, kabla hujaondoka omba cheti cha fildi kilichoandikwa na kampuni, na kile cheti kina lugha yake, kinasomwa na kila mwajiri wa nchi ile. Sentensi ya kwamba wameridhika na kazi yako ina ngazi zake, ikisema wameridhika kikamilifu kabisa na siku zote hiyo ni daraja la kwanza, ikisema wameridhika tu basi ni ya kupita kwa shida, na ikisema ulijitahidi ni umefeli. Ukipewa, kabla hujasema asante muonyeshe mtu anayejua kuvisoma, na kama hakikutendei haki omba kirekebishwe, wanarekebisha. Bado una muda wa kukifanya kiwe kizuri, usirudi nyumbani.

Na upweke, hasa huko Hamburg mwezi wa kumi na mbili jua linazama saa kumi jioni, unaingia kazini giza unatoka giza, huo peke yake unaweza kumuangusha mtu mzima. Toka nje mchana wakati wa mapumziko hata kama kuna mawingu. Chuo Kikuu cha Hamburg wanafundisha Kiswahili, kina Leipzig na Bayreuth pia, nenda kawasalimie, watakupokea vizuri mno na wanafunzi wao wanatafuta mtu wa kuongea naye. Bayreuth kila mwaka kuna kongamano la Kiswahili, wanakuja wataalamu kutoka Dar, Zanzibar, Nairobi, ulaya nzima, siku kadhaa unaongea lugha yako mpaka koo likauke. Ukipata wikiendi ya kwenda Berlin, pita makumbusho ya elimu viumbe ukamuone yule dinosaria wa Tendaguru, alichimbwa kwetu Lindi kati ya 1909 na 1913 na mababu zetu wakabeba mifupa kichwani mpaka baharini. Utasimama chini yake, ana mita zaidi ya 13 kwenda juu, na utapata la kuwasimulia wenzako ofisini, manake wengi hawajui kabisa kwamba nchi yao iliwahi kututawala. Rais wao Steinmeier alikuja Songea Novemba 2023 akaomba msamaha kwa yaliyofanyika vita ya Maji Maji. Waulize kama wanajua. Hayo ni maongezi mazuri ya mchana na wewe ndiye mwenye cha kufundisha.

Tiketi ya mwezi ya nchi nzima mwaka 2026 ni euro 63, inapanda treni zote za mikoa na mabasi ila sio zile treni za kasi. Ukitaka kuiacha, iache kabla ya tarehe 10 ya mwezi, ukipitisha wanakukata mwezi unaofuata.

*

*Asalaam aleikum dada yangu. Mimi ni mzazi wa Tanga. Binti yangu anasomea uuguzi, amepata nafasi ya mafunzo ya vitendo kule Ujerumani kwenye nyumba ya kulelea wazee. Mama yake halali. Tunataka kujua kuhusu swala, chakula cha halali, na kama kuna ubaguzi. Sema ukweli usitufiche.*

Waaleikum salaam kaka yangu, na msalimie sana shemeji, mwambie wasiwasi wake nauelewa.

Chakula ndo kitu chepesi kuliko vyote. Waturuki walianza kwenda kule kufanya kazi kwa mkataba wa serikali mbili wa mwaka 1961, leo ni mamilioni na watoto na wajukuu, hakuna mji wa maana ambao hauna bucha yao na duka lao. Nyama halali, mchele, dengu, bizari, vyote viko. Unga wa sembe ukikosekana, unga wa polenta, yani mahindi ya kusaga, unasonga ugali, hautakuwa wa nyumbani ila utamshibisha. Kazini aulize kila kilichomo kwenye chakula, nguruwe anaingia hata mahali usipotegemea, kwenye supu, kwenye peremende za jelatini. Wazee wenyewe watamshawishi ale, aseme asante sili na sababu, watamuelewa.

Swala inataka mpango. Miezi ya baridi adhuhuri, alasiri na magharibi zote zinaangukia ndani ya saa za kazi, wakati wa kiangazi magharibi ni saa tatu na zaidi usiku na isha inasogea kuelekea saa sita. Sheria inampa mapumziko ya nusu saa akifanya kazi zaidi ya saa 6. Kaka, hapa naomba umkazanie binti yako jambo moja: asijifiche kuswali stoo. Siku za mwanzo kabisa amuombe msimamizi, amwambie nahitaji dakika kadhaa na kona safi, mapumziko yangu nigawanye mara mbili, nani ashike zamu yangu muda huo. Akisema hivyo kwa uwazi mara nyingi anapewa, manake wanachojali ni mgonjwa asiachwe peke yake. Akiwa anapotea tu dakika tano tano bila kusema ndo anaonekana mtoro, na hakuna atakayejua alikuwa anaswali. Hijabu ifuate masharti ya usafi wa kazi, wengi wanakubali, aulize kabla ya kusaini mkataba.

Ubaguzi upo. Sitakudanganya mzazi mwenzangu. Kuna mzee mwenye kumbukumbu iliyochoka atakataa kushikwa na mkono mweusi, na kuna siku mtu atamtolea neno kwenye basi. Kuna pia wazee watakaomlilia siku ya kuondoka, hilo nalo nimeliona kwa macho yangu. Likitokea kazini asinyamaze nalo, aandike siku, saa na nani alikuwepo, ampelekee msimamizi siku hiyohiyo. Mgonjwa akimtukana sio kazi yake kuvumilia peke yake, timu nzima inatakiwa ipange nani amhudumie. Serikali yao ina ofisi inayoshughulikia ubaguzi na ushauri wake ni bure. Aweke kwenye simu namba 110 ya polisi, 112 ya dharura na gari la wagonjwa, na 116117 ya daktari usiku na wikiendi pale ambapo sio dharura ya kufa na kupona.

Nyinyi nyumbani mna kazi pia. Msimuulize kila siku ametuma nini. Mwaka wa kwanza kule pesa inaishia kwenye kodi na makoti.

*

*Niaje Anti, mimi niko Eldoret, nimemaliza diploma ya umeme. Kuna ajenti anasema ana atachimenti za Ujerumani, kwamba serikali imepewa nafasi 250,000 za Wakenya, anataka laki moja unusu kwanza ndio anipe jina la kampuni. Nilipe?*

Usilipe kijana wangu. Mkataba wa Kenya na Ujerumani upo kweli, ulisainiwa Berlin Septemba 2024, lakini hiyo 250,000 Wajerumani wenyewe waliikanusha haraka sana, ndani ya mkataba hakuna idadi yoyote. Hakuna mtu aliyepewa nafasi za kugawa, anayetafutwa ni mtu mwenye ujuzi na karatasi zake.

Wewe una diploma ya umeme, una mali. Kwa mafunzo ya ufundi kule, yale ya kusoma na kufanya kazi pamoja, kwa kawaida unatakiwa Kijerumani cha B1, yani ngazi ya kati, na unalipwa mwezi kwa mwezi na kampuni, sio wewe unalipa. Tangu Juni 2024 kuna pia kadi ya kwenda kutafuta kazi kwa mfumo wa pointi, Chancenkarte, ila inataka mafunzo ya angalau miaka 2 yanayotambulika huko kwenu, na Kijerumani cha A1, ngazi ya mwanzo kabisa, au Kiingereza cha B2, ngazi moja juu ya B1. Hiyo laki moja unusu ipeleke kwenye kozi ya lugha, na mtihani ufanyie Goethe-Institut Nairobi manake cheti chao hakihojiwi na ubalozi.

Huyo ajenti muulize swali moja kwa meseji ili ubaki na maandishi, kampuni inaitwaje na iko mji gani, uiandikie mwenyewe. Kampuni ya kweli inajibu, wana mtu wa kazi hiyo. Akikwambia lipa kwanza, mblok, na uwaonye na wenzako wa darasani manake lazima ameshawapigia.